Alama ya Mkiani

Baba mkwe wangu, Mzee Peadar, hakuhitaji macho kuchagua kambakoche. Alipitisha kidole gumba mkiani, akihisi pengo, alimrudisha majini. Pengo hilo tunalikata wenyewe kwa majike wenye mayai, kisha tunawaachia wakazae, na tangu hapo ni marufuku kuwauza. Yeye ndiye aliyewabembeleza wavuvi wa bandari yetu hapa Connemara wakubali utaratibu huo, na matusi aliyoyapata anayajua mwenyewe.

Msimu huu, kila nilipofunga magando kwa mipira, nilikuta jike mwenye alama kwenye kreti letu. Nilimtupa baharini kimyakimya. Vidole vya mzee vilikuwa vimekufa ganzi. Nilijua, naye alijua, na hakuna aliyesema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha wawili.

Jumanne mkaguzi, dada mmoja aitwaye Gobnait, alitukuta gatini, akafungua kreti kabla sijaligusa. Akamwinua jike mmoja mwenye pengo mkiani.

"Nani kamchagua huyu?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa na haraka."

"Wewe Nóirín? Wewe unayeona sindano gizani?"

"Leo sikuona. Kwani mimi malaika?"

Mzee akacheka. "Mkwe wangu huyu, hata kudanganya hajui. Nipe huyo, binti."

Akapapasa mkia kwa kidole gumba, akarudia, akatikisa kichwa. Kisha akauinua hadi mdomoni, akaupitisha kwenye midomo taratibu, kama mama anayepima joto la uji wa mtoto.

"Pengo lipo," akasema. "Andika jina langu. Nahodha ni mimi."

"Mzee, ni mara yako ya kwanza. Nitakupa onyo tu, yaishe."

"Jirani yangu Tadhg ulimpa onyo?"

Gobnait akatazama chini. "Tadhg alikwenda mahakamani."

"Na aliyekupigia simu kumshtaki ni mimi. Andika."

Akaandika. Mzee akamteremsha yule jike majini kwa mikono yake, kisha akachomoa ufunguo wa injini, akanipa.

"Kesho utatoka wewe. Mimi nitakunywa chai."

Miaka saba nimegombana na mzee huyu nikitaka usukani, mpaka mume wangu akachoka kutuamua. Sasa nilikuwa nao, nikasimama pale gatini nikilia mbele ya watu, nikimwomba aurudishe ufunguo mfukoni mwake. Hakuupokea.