Utepe wa Siku Nyekundu

Fundi cherehani yule mtaa mzima ulimwita Mkasi, kwa ajili ya mikono yake na, tuseme ukweli, ulimi wake pia. Miaka kumi tumbo la chini lilimkata kila mwezi, akaambiwa ni mambo ya kike, avumilie. Daktari mmoja mwanamke ndiye aliyeupa ugonjwa jina, endometriosisi: nyama kama ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, ikavimba na kuuma. Akampa dawa na tarehe ya upasuaji, miezi mitatu na ushei mbele.

Shangazi aliposikia upasuaji, alikuja juu. Ndiye aliyemlea Mkasi, na neno lake nyumbani halikuwa na rufaa. Kaka zake Mkasi wote walikuwa upande wa Shangazi. Shangazi akatua mfuko wa virutubisho kwenye meza ya kukatia: mafuta ya samaki, vitamini D, magnesiamu, vidonge vya bizari manjano.

"Meza vyote, mwanangu. Vitapambana humo humo ndani."

"Thubutu! Gauni likibana, Shangazi, nafumua mshono mmoja kwanza. Nikifumua yote, nitajuaje kosa lilikuwa wapi?"

Akampelekea daktari zile chupa. "Wengine huwasaidia, wengine wapi," daktari alisema. "Jaribu kimoja, na dawa zangu usiache."

Mkasi akachagua mafuta ya samaki. Akakata utepe mweupe, akautundika msumarini juu ya cherehani. Siku ya maumivu alitia mshono mwekundu, siku ya nafuu wa kijani. Hakutaka huruma ya mtu. Alikuwa anapima, kama anavyopima kiuno na mabega.

Mwezi wa kwanza nyekundu zilikuwa kumi na moja, wa pili tisa, wa tatu saba. Shangazi alipiga kigelegele mpaka mteja mlangoni akaruka.

"Si nilisema? Umepona! Sasa kafute hiyo tarehe ya Jumatatu."

Mkasi akautungua utepe, akamwekea mapajani.

"Soma mwenyewe. Siku nne zimepungua, na nakushukuru kwa moyo wote. Lakini saba bado ninazo, na Jumatatu naenda."

Shangazi akapitisha kidole, kikasimama kwenye nyekundu moja.

"Hii ya lini?"

"Siku niliyomaliza gauni lako la bluu."

"Acha uongo! Siku ile nilikukuta unaimba."

"Niliimba ili nisilie, Shangazi."

 Kidole cha Shangazi kikarudi kwenye mshono wa kwanza, kikaanza kuhesabu upya, polepole. Alipofika mwisho, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mimi nilikuwa nalala sakafuni, tumbo kwenye simenti ya baridi. Miaka ishirini. Mama akaniambia nivumilie, na wewe nikakwambia hivyo hivyo." Akaufuta utepe kwa kiganja, kana kwamba ulikuwa na vumbi. "Wangu ungemaliza jora zima la kitambaa."

Mkasi akamshika mkono.

Shangazi akapenga kamasi, akarudisha chupa zilizobaki mfukoni, akasimama.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Nitakupitia saa kumi na mbili. Hao kaka zako niachie mimi."