Jogoo wa Rozalia

Baba yake Sosthenes Kalinga alipozikwa Igowole, Rozalia alirukia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. "Mhehe hazikwi bure!" alipiga kelele. Watu walicheka huku wakilia, na Sosthenes alilia kuliko wote. Rozalia ni Mngoni, mtani wa Wahehe. Mtani akikutania msibani, anakufungulia machozi.

Sasa ulikuwa msiba wa mama yake. Lakini kati ya misiba hiyo miwili mkewe, Eveline, aliteuliwa Mkuu wa Mkoa, na Sosthenes, fundi seremala, akamfuata Mbeya, kwenye nyumba ambayo hata bawaba ikilegea huitwa mtu mwingine kuikaza. Mikutanoni hutajwa mwishoni: "Ameambatana na mwenza wake." Husimama, hupunga mkono, huketi.

Siku ya tatu hii hajatoa chozi. Aliondoka kwenye sofa aliyowekewa chini ya turubai, akamfuata Rozalia nyuma kabisa.

"Dada, leo hunitukani?"

"Pole sana, mheshimiwa."

"Mheshimiwa nani? Si uliniita Mhehe mla mbwa mbele ya padri?"

Rozalia aliinamisha kichwa. "Tumeambiwa tusilete fujo. Kuna wageni wa serikali."

Aliyewaambia ni afisa itifaki. Ndiye aliyempokonya Sosthenes chepe asubuhi, kwa adabu: "Wachimbaji wapo, mheshimiwa."

Sosthenes alitembea mpaka kaburini. Jeneza lilikuwa bado juu. Alivua koti, akaruka, akalala chali kwenye udongo mwekundu.

"Sitoki!" alipaza sauti. "Leteni jogoo!"

Hakuna aliyecheka. Wimbo ulikatika. Padri alifunga kitabu. Eveline alikuja ukingoni, akainama.

"Baba Frida, toka. Watu wanapiga picha."

Sosthenes alitazama kipande cha anga juu yake, kimekatwa pembe nne kama fremu ya dirisha. Alijua amekosea: mtu hajitanii mwenyewe. Ubaridi wa udongo ulipenya shati.

Kisha kukawa na purukushani, na sauti ya afisa ikisema, "Mama, rudi nyuma."

"Nirudi wapi? Huyu ananiibia kazi yangu!" Uso wa Rozalia ulitokeza ukingoni, kanga imemdondoka kichwani. "Toka humo, mla mbwa! Jogoo ni wangu!"

Sosthenes alifunika uso kwa mikono yake miwili, akalia.