Moshi Ndani ya Boti

Kabla ya vita Gai alikuwa baharia kwenye mto Nile. Tangu aingie kambi ya wakimbizi ya Kakuma hakuwa amegusa ubao wa boti, na mto pekee wa hapo, Tarach, ulikuwa mchanga mtupu uliopata maji leo na kuyapoteza kesho. Kwa hiyo misheni ya Lodwar ilipotafuta mtu anayejua boti, aliomba kibali cha kutoka kambini na kuondoka siku hiyohiyo.

Aliikuta boti uani, imepandishwa juu ya mapipa. Ilikuwa na chumba kidogo cha kulaza wagonjwa waliochukuliwa kwenye vijiji vya wavuvi kando ya ziwa. Mvua za El Nino ziliijaza maji, na tangu hapo ilinuka samaki, dizeli na ukungu. Safari ya mwisho mama mmoja mwenye homa alishuka akisema heri afie ufukweni.

"Ijumaa nitaingia mwenyewe," Sista Jeptoo, muuguzi mkuu, alimwambia. "Harufu ikitoka, utaenda nayo ziwani uiendeshe. Isipotoka, tutaifanya stoo ya mahindi, nawe utarudi kambini."

Gai aling'oa mbao za sakafu, akakomba maji meusi yaliyolala chini yake, akasugua kila kona kwa Omo. Kisha akafunga mlango vumbi lisiingie. Asubuhi alipofungua, harufu ilimpokea mlangoni. Akaosha tena, akafunga tena.

Akidor, mpishi wa misheni, alikuwa akipita na mtungi wa maji.

"Ejok, mzee wa maji!" alimsalimu kwa Kiturkana. " Umeogesha mtoto wako tena?"

"Nimemwogesha, mama."

"Na umemfungia ndani mbichi."

"Ni vumbi la hapa kwenu."

"Vumbi si unafuta tu? Wewe kibuyu unaosha halafu unaziba na maji ndani? Maziwa yako itanuka mpaka Lokitaung!" Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Wacha jua iingie. Halafu tutafukiza."

"Moto? Ndani ya boti? Mama, unataka kunichoma!"

Hakuwa akitania. Aliwahi kuona tishari likiungua katikati ya mto, na watu wakishindwa kuchagua kati ya moto na mamba. Moto alikataa, ila jua alilikubali. Alifungua kila tundu, akaanika magodoro kwenye ua wa miiba, akaacha mbao juani mpaka zikalia kavu alipozigonga. Harufu ilipungua, lakini haikwisha. Ilibaki imejibanza pembeni kama mgeni asiyejua kuaga.

Alhamisi alikwenda jikoni mwenyewe.

"Mama, huo moto wako utakaa ndani ya nini?"

"Ndani ya sufuria, juu ya mchanga. Na wewe ukae hapo na ndoo yako, uogope vizuri."

Akidor alileta makaa, akaweka juu yake vijiti vilevile anavyofukizia vibuyu vyake vya maziwa. Moshi mwembamba ukapanda, mtamu wenye uchungu kidogo, ukapenya kwenye nyufa zote. Gai alikaa na ndoo kati ya magoti, macho kwenye sufuria. Baadaye akaisahau ndoo. Alikuwa akimwona mama yake kule kwao, kwenye kambi ya ng'ombe, alfajiri, amekiinamisha kibuyu juu ya moshi, akikipigapiga kitako kama mgongo wa mtoto. Tangu avuke mpaka hakuwa ameikumbuka ile mikono.

"Moshi imeingia kwa macho?" Akidor aliuliza.

"Imeingia."

"Haya." Akatoka, akamwacha.

Ijumaa Sista Jeptoo aliingia ameinama, uso umekunjwa tayari kwa uvundo. Akasimama. Akavuta pumzi, kisha akavuta nyingine.

"Nani aliweka maziwa humu?"

"Hakuna, Sista. Ni moshi tu."

"Kwetu Nandi, nyanya yangu..." Hakumaliza. Aliketi kwenye ubao wa wagonjwa.

"Bado inanuka?" Akidor akapaza sauti kutoka nje.

"Ngoja kwanza, Akidor."

Gai hakujua aweke wapi mikono yake.

"Lori la kwenda ziwani linaondoka kesho asubuhi," Sista akasema hatimaye. "Tafuta kamba za kuifungia boti. Kibali nitakuombea kingine."

Gai akaruka chini, akaenda kutafuta kamba. Aliporudi nazo begani, Akidor aliweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Mle ndani Sista alikuwa amevua viatu, amejinyoosha pale wanapolala wagonjwa, macho ameyafumba.