Sayari Iliyopotea Jikoni

Katika chumba cha kazi kisicho na dirisha hata moja, Mama Gundi alikuwa ameketi akitazama jinsi sayari zinavyozeeka. Vijana wa studio walikuwa wamezipanga filamu zote nane za Wahamaji wa Mbali kwenye skrini kubwa, na sayari ya Orani ilikuwa ikipita mbele yake filamu baada ya filamu. Walitaka awaambie kwa nini ile ya kwanza tu ndiyo bado inapendeza.

Jina lake alilipata ujanani, alipokuwa fundi wa vyombo vya anga vya kuchonga katika filamu hiyo ya kwanza, na gundi ilikuwa haimtoki vidoleni. Sasa alikuwa na miaka sitini na mbili na amestaafu. Lakini filamu ya tisa ilikuwa jikoni, na ilikuwa na donda: Wahamaji wanarudi Orani, kwao, na watazamaji wa majaribio waliguswa na kila kitu isipokuwa hiyo Orani yenyewe. Mmoja aliandika kwenye karatasi yake, "Hii imeoshwa."

"Tazama ya nne," alisema mkuu wa picha za kompyuta, dada mwembamba ambaye wenzake walimwita Chembe, maana aliweza kugombana na doa moja kwenye skrini siku tatu nzima. "Ilipotoka watu walisimama wakapiga makofi. Leo ni mpira wa plastiki."

"Na ya sita?"

"Kipande cha sabuni. Na hiyo niliitengeneza mimi."

Wakacheka wote. Picha za kompyuta zina uzee wa aibu, usiouliza wala kubisha hodi; miaka mitano tu, na kilichowaacha watu midomo wazi kinawachekesha watoto. Orani ya kwanza, iliyopigwa kwa kamera moja na taa mbili, ilikuwa bado inaning'inia gizani, nyeusi yenye wekundu wa shaba, imejaa mashimo, na kovu refu limeipita katikati. Ungeapa kwamba kuna watu waliozikwa kule. Haikuzeeka kwa sababu ilikuwa kizee tangu siku ya kwanza, Mama Gundi akawaza, na papo hapo akatamani asingewaza.

"Mama, mliitengeneza kwa kitu gani?" Chembe akauliza.

"Siri ya kazi," akajibu, kama alivyowajibu waandishi wa habari kwa miaka thelathini na sita.

"Nimeiiga mara arobaini, nimeshindwa. Kama hicho kitu kipo, tukipige picha wiki hii. Wiki ijayo tunaifunga filamu, na Wahamaji watarudishwa kwao kwenye sabuni."

Kipo. Kiko darini, nyumbani kwa mama mkwe wake.

Orani ilikuwa kitako cha sufuria. Sayari halisi, ya plasta, ilipasuka vipande viwili asubuhi ya kupiga picha, na Mama Gundi, bibi harusi wa miezi miwili, akaibeba sufuria ya mama mkwe bila kuomba ruhusa. Alikusudia kuirudisha kabla ya mapishi ya jioni. Kazi ikachukua siku nne. Aliporudi alikuta moto umeshawaka: sufuria ile ilikuwa ya urithi, imeachwa na marehemu mama yake mama mkwe, naye alikuwa ameshamwita mdogo wake wa kike mwizi mbele ya ukoo mzima. Mdogo mtu alikuwa na tabia ya kuazima na kusahau, kwa hiyo hakuna aliyetafuta ushahidi. Bibi harusi akaingiwa na hofu, akaisukuma sufuria darini. Nitasema kesho, alijiambia.

Kesho ikazaa kesho nyingine. Madada wale wakawa wanaonana kwenye harusi na misiba tu, na mdogo akiaga, mkubwa husema, "Hesabuni vyombo." Watu hucheka. Mdogo hacheki, na Mama Gundi kila mara alishindwa kumtazama usoni. Siri ile hata mumewe hakuijua.

Asubuhi iliyofuata akaenda kule pamoja na Chembe, wamebeba ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Mama mkwe alikuwa na miaka themanini na minane, na masikio yake hayakuwa na hata kumi. "Ngazi ya nini?"

"Tunaangalia kama paa linavuja."

"Mvua haijanyesha miezi miwili."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata sebuleni. Mama Gundi angeweza kusema panya. Neno panya lilikuwa ulimini kabisa. Badala yake akavuta kigoda, akaketi miguuni pa yule mzee.

"Mama, sufuria yako niliichukua mimi."

Akaeleza yote, hakuacha hata zile siku nne. Mama mkwe hakumkatiza. Chembe, akiona heri kuwa popote isipokuwa pale, akapanda darini, akashuka na utando wa buibui nywelini. Akaigeuza sufuria juu chini kwenye mwanga wa dirisha na adabu yote ikamtoka.

"Orani," akanong'ona. "Ndiyo hii."

Mama mkwe akaipokea, akalipitisha dole gumba kwenye lile kovu refu. "Hapa mdogo wangu aliiangusha kisimani. Tulichapwa wote wawili." Akainua uso. "Na hii imo kwenye sinema?"

"Imo, mama."

"Imeonwa na watu wangapi?"

"Mamilioni."

"Kitako juu?"

"Kitako juu, mama."

Mabega ya mzee yakaanza kutetemeka. Mama Gundi alidhani analia, akainuka kumshika, kumbe ni kicheko, kicheko kilichomtoa machozi na kumwambukiza Chembe pia. Kilipokwisha, akampa Chembe sufuria. "Kaipigeni picha. Asiiguse mtu kwa sabuni." Kisha akamgeukia mkwe wake, na sasa hakuwa akicheka. "Wewe na mimi tutaongea, tena sana. Kwanza nipigie simu kwa mdogo wangu."

Simu ikaita mara mbili.

"Dada? Nani amefariki?"

"Hakuna. Sufuria ya mama imeonekana."

"Wapi?"

"Angani. Nitakueleza. Mkwe wetu ndiye aliyeichukua, na mimi ndiye niliyekuita mwizi."

"Dada, mimi ilifika mahali naota nimeichukua," ilisema ile sauti. "Nimeipekua nyumba yangu mara mbili."

Mama mkwe akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu." Katika miaka thelathini na sita Mama Gundi hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Njoo. Njoo leo hii."

"Nakuja. Ngoja nitafute viatu."

Hakuna aliyekata simu. Ilisikika milango ikifunguliwa na kufungwa, kiti kikisukumwa, mtu akihema.

"Viangalie nyuma ya mlango," akasema mama mkwe. "Tangu utotoni unavitupa nyuma ya mlango."

"Viko hapo," mdogo wake akajibu.