Jina Kwenye Risiti

Kinyozi alipoanza kuulizia kodi ya nyumba ya marehemu baba, dada yake, fundi cherehani, alijua hapo pana namna. Mtu ambaye tangu msiba hajanunua hata balbu ya ukumbini, leo kodi ya majengo imemkaa rohoni? Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

"Dada, karatasi ya manispaa bado haijaja?" aliuliza, amesimama barazani.

"Ingekuja ungeiona," dada akajibu, macho kwenye pindo la nguo. Karatasi yenyewe alikuwa ameikalia, chini ya mto wa kiti, pamoja na mbili za nyuma.

Nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu, dada ndiye anayeishi humo, nao wawili hawajagawana. Mtaa mzima ulijua: mwenye risiti ndiye mwenye nyumba. Mwache ndugu yako alipe mwaka huu, mwakani anakuja na wakili, wewe unafungasha virago. Na yeye dada akilipa, kinyozi atapiga kelele kuwa ameporwa. Basi heri asilipe mtu. Ndivyo walivyoishi, wanakunywa chai pamoja huku dada akiyafuata macho ya mdogo wake: sasa yako darini, sasa mlangoni. Jicho lile si la bure, akajisemea.

Asubuhi moja mwanamume akaingia bila hodi, akaanza kupima baraza kwa futi. Nyumba ameinunua kwenye mnada wa manispaa wa nyumba zinazodaiwa kodi, alisema. Dada akaacha gauni la mteja kwenye sindano, mbio hadi manispaa.

"Mama, tulileta notisi tatu," karani alimwambia dirishani.

"Ni ndugu yangu huyo, kinyozi! Mmekula njama naye!"

"Yule kinyozi?" Karani alishangaa. "Kaja hapa mara mbili, hela mkononi. Tukamwambia alete notisi, ina namba ya nyumba. Akasema dada yake hajaipata. Tena aliomba risiti tuiandike jina lako, maana wewe ndiye unayeishi pale, naye hataki ugomvi."

Aibu ilimshika dada. Hapo simu ikaita.

"Dada," ilikuwa sauti ya kinyozi, "watu wa mnunuzi wanatoa vitu vyako nje. Nimekodi mkokoteni, navipeleka kwangu. Chumba cha wanangu nimekuachia. Wewe njoo tu."