Nyumba Hushuka Mgeni Akija

Ofisi ya Kipimo cha Imani ya Kaya mjini Lodwar iliutangazia umma, kwa waraka uliobandikwa mlangoni na kusomwa kwa sauti mbele ya watumishi wote, kwamba kuanzia Jumatatu kila karani wa takwimu atavaa kofia ya kijani awapo kazini, na kwamba ukingo wa kofia hiyo utaelekea mbele. Waraka ulifafanua kwamba mbele ni upande wa uso. Hakuna aliyeuliza swali. Kofia ziligawanywa, baadhi zikawabana wenyewe, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Mmoja wa waliopata kofia ya kuwatosha alikuwa Mureithi, mzaliwa wa Nyeri, ambaye alikuwa ameishi Turkana kwa muda wa kutosha kuacha kuuliza mvua itanyesha lini. Kazi yake ilikuwa kwenda Kalobeyei kila mwezi, nje kidogo ya Kakuma, kupita nyumba za wakimbizi na kuuliza kila kaya kama inaamini mwaka ujao utakuwa bora, utakuwa vilevile, au utakuwa mbaya zaidi. Majibu yalijumlishwa yakawa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ilipelekwa Nairobi ikachorwa mstari.

Nchi ilikuwa katika mdororo. Unga ulipanda bei, maduka yalifungwa, na mistari ya kaunti nyingine zote ilikuwa ikiteremka. Mstari wa Kalobeyei ulipanda. Wataalamu waliutazama kwa furaha na kuuita ustahimilivu.

Mstari huo ulipanda kwa sababu za kawaida. Mwongozo wa makarani ulikuwa umeandikwa na mkuu wa ofisi, Bi. Chelangat, mwanamke makini na mwadilifu aliyelelewa Bomet. Uliagiza kwamba karani, mbali na kuuliza, aangalie kama amepewa chai na kama chai hiyo ina sukari, kwa kuwa nyumba inayomkirimu mgeni ni nyumba yenye imani na kesho. Bomet kanuni hiyo ilikuwa ya kweli. Kalobeyei kila nyumba ilimpa karani chai yenye sukari.

Sukari yenyewe ilikuwa moja. Ilikaa katika kopo lililowahi kuwa la maziwa ya mtoto, na kopo lilikaa kwa Atem, mtu mrefu kutoka Bor aliyekuwa mlinzi wa shule kabla shule haijapunguza walinzi. Karani alipoingia mtaani, Atem alilipitisha kopo uani, nyumba moja mbele ya mgeni. Zamani ilitokea karani na kopo wakutane njiani, ikabidi kila mmoja ajifanye hakumwona mwenzake. Tangu zije kofia za kijani, makarani walionekana wakiwa bado ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, na aibu hiyo ikaisha.

Nyumba zilianza kuacha ardhi katika majira ya upepo wa vumbi. Hazikufanya fujo. Iliyouza godoro la pili iliinuka kiasi cha kumpitisha kuku. Iliyouza sufuria kubwa ilimpitisha mbuzi. Nyumba ya Marie-Claire, mjane kutoka Uvira ambaye mtaani aliitwa Mama Hardy kwa jina la mwanawe, ilidumu chini kuliko zote, mpaka alipouza cherehani. Kesho yake ilisimama hewani usawa wa kifua cha mtu mzima, matofali, mabati na sakafu ya saruji vikiwa kitu kimoja. Ardhi iliyobaki chini yake ilikuwa ya baridi, na mbuzi wa jirani waliigundua mapema. Watoto waliigundua baada ya mbuzi, wakawa wanafanyia hesabu zao hapo.

Wenye nyumba walizifunga kwa kamba kwenye visiki vya miti ya mathenge, kama afungwavyo punda. Hawakuhofia kwamba zingepotea. Shida ilikuwa upepo wa mchana, ambao huigeuza nyumba, na mlango wako ukikaa ukitazama chumba cha jirani ni kumkosea heshima.

Ofisi ya Lodwar haikuinuka. Ilikuwa na majalada mengi.

Nyumba hizo zilikuwa na tabia moja: mgeni akija, zilishuka. Mama wa nyumba akishateleka chai, na sukari ikishaingia, sakafu ilirudi ardhini taratibu, ikiwapa mbuzi nafasi ya kutoka. Mgeni akiaga na kopo likienda kwa mwingine, nyumba ilipanda tena. Kwa hiyo makarani, ambao walikuwa wageni kila walikokwenda, siku zote walijaza majibu wakiwa wameketi katika nyumba iliyogusa ardhi, na kishikwambi hakikuwa na swali kuhusu muda wa kabla na baada.

Aliyempeleka Mureithi kutoka Kakuma alikuwa Lokaale, mwendesha bodaboda.

"Ejok?" Lokaale alimsalimu kwa Kiturkana asubuhi moja, yaani, kwema?

"Ejok."

"Ejok-noi. Na mshahara, umeingia?"

"Bado."

"Lakini umesema ejok."

"Umenisalimu, Lokaale. Ulitaka nijibu nini?"

"Mimi sitaki kitu. Andika hiyo kwa mashine yako." Lokaale alikwepa shimo. "Kwa mama, kule Nakalale, nyumba imeenda juu pia. Tumeifunga na ngozi ya ngamia. Yeye anasema ni sawa tu, siku hizi nyoka haiingii."

Mama Hardy aliwaona kutoka mlangoni, miguu yake ikining'inia.

"Karibu, papa Mureithi! Ngoja kidogo, nyumba ishuke."

Walingoja. Binti yake, Estelle, alichochea makaa. Atem alitokea uani, mkono mmoja ndani ya koti, akatoka bila koti kuvimba. Nyumba ikatua. Mureithi alivua viatu, akaketi, akapewa kikombe.

"Mama, mwaka unaokuja, hali ya kaya yako itakuwa bora, vilevile, au mbaya zaidi?"

"Tunashukuru Mungu."

"Kwenye mashine hakuna 'tunashukuru Mungu'."

"Ah! Basi hiyo mashine ni ya bapagani." Alimwongezea chai. "Weka kwa ile yenye kukaribia."

Mwongozo ulisema shukrani zihesabiwe kuwa "bora". Mureithi aligusa "bora". Alikuwa ameifanya kazi hiyo miezi mingi, na kidole chake kilikwenda chenyewe.

Mwezi uliofuata, shirika lililogawa chakula lilisoma mstari wa Kalobeyei, likauheshimu. Kaya zilizoonyesha imani ya juu zilihamishiwa katika kundi la wanaojitegemea, ambalo halipati mgao. Mama Hardy alipata habari kwa ujumbe wa simu ulioanza kwa pongezi. Mgao huo ndio uliokuwa chakula cha nyumba hiyo, chote; Hardy na Estelle hawakuwa na kingine. Asiyeridhika aliruhusiwa kukata rufaa, na kamati ingekuja kutazama nyumba yake mara moja tu. Neno la kamati lingekuwa la mwisho.

Mureithi aliiandika rufaa mwenyewe. Kisha alikwenda Kalobeyei siku isiyokuwa ya kazi, bila kofia, jambo lililosababisha akute kopo la sukari waziwazi juu ya meza ya Atem. Wote wawili walilitazama. Atem akalifunika.

"Mama Hardy," Mureithi alisema, walipokuwa wote nyumbani kwa mjane huyo, "siku hiyo usipike chai. Usiwakaribishe ndani. Wasimame nje waione nyumba ilivyo, waandike, waende."

"Basimame inje? Mu jua?"

"Kidogo tu."

"Papa, weye ulilelewa na nani?"

Atem alicheka mpaka akashika ukuta. "Mureithi anataka adabu ipewe likizo."

"Nataka watoto wapate kula," Mureithi alisema.

Hapo Mama Hardy alimtazama Estelle, ambaye alikuwa akijishughulisha na jambo lisilokuwapo, kisha akaikunja kanga yake gotini, akaikunjua.

"Sawa," alisema. "Juu ya batoto. Sitapika."

Atem aliahidi kwamba siku hiyo angelikalia kopo mwenyewe, na ikajulikana kwamba akilikalia hakuna wa kulitoa.

Kamati ilifika jua likiwa kali. Walikuwa Bi. Chelangat na maofisa wawili, wote na kofia, kingo mbele. Mgao ulikuwa umekatika, na nyumba ilikuwa imepanda hadi juu ya vichwa. Mama Hardy alikaa mlangoni, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Hujambo, mama? Hali ya nyumbani?" Bi. Chelangat aliuliza kutoka chini.

"Tunashukuru Mungu," alijibu, akafunga mdomo kama walivyopatana.

Mambo yalikwenda vyema. Ofisa mmoja alipima kamba. Wa pili aliandika, kwa haki kabisa, kwamba nyumba haigusi ardhi. Bi. Chelangat mwenyewe aliuliza imekuwa hivyo tangu lini, akajibiwa tangu cherehani, akatikisa kichwa kwa namna ambayo Mureithi, aliyesimama kando na kumfahamu vyema, aliichukua kuwa ni kukubali. Kilichobaki kilikuwa sahihi.

Lakini barabara ya kutoka Lodwar ni ndefu, na miguu ya Bi. Chelangat ilikuwa imevimba. Alivua kofia akajipepea. Alihamishia uzito mguu huu, akauhamishia ule. Akatafuta kivuli, na kivuli kilikuwa kimoja tu. Aliingia chini ya nyumba, usawa wa mlango, mbuzi wakasogea kidogo kumpisha, naye akachuchumaa katikati yao, akafunga macho.

Mama Hardy alikuwa akitazama kati ya miguu yake. Aliona utosi wa mwanamke mwenye umri wa dada yake mkubwa, mgeni wake, umefika mlangoni pake na umekosa mahali pa kukaa isipokuwa na mbuzi. Alitazama pembeni. Mureithi alimwona akitazama pembeni, akamwona akirudisha macho.

"Mama Hardy," Mureithi alisema polepole. "Tafadhali."

"Mama, toka huko!" Mama Hardy aliita. "Toka, itashuka! Estelle! Sukari!"

Estelle alikuwa ameshakimbia. Atem, kwa upande wake, alikuwa ameshasimama, kopo mkononi.

Walitoka mbuzi, akatoka Bi. Chelangat akipangusa magoti, na nyumba ikatua kwa mshindo mdogo kama wa gunia. Mkeka ulitandikwa. Bi. Chelangat alipewa mto wa mgongo na beseni la maji kwa ajili ya miguu. Chai ilikuja na maziwa ya mbuzi walewale, na kila mmoja alitiwa sukari bila kuulizwa kiasi, kwa kuwa kuuliza ni kumhesabia mgeni.

"Tangu nitoke kwetu sijanywa chai kama hii," Bi. Chelangat alisema, na hakusema hivyo kwa adabu tu. Ofisa aliyeandika kwamba nyumba haigusi ardhi alitazama chini, akaona inagusa, akarekebisha.

Mureithi aliweka kikombe chake mkekani.

"Madam, sukari hii si ya nyumba hii."

"Ni ya nani?"

Watu walimtazama Atem. Atem alitazama ndani ya kikombe.

"Ni ya mugeni," Mama Hardy alisema.

Jibu hilo liliandikwa lilivyo.

Kamati ilipoondoka, ilisindikizwa hadi garini, na Bi. Chelangat alimshika Mama Hardy mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Gari lilipopinda, Atem alilichukua kopo, na nyumba ikaanza kupanda. Mama Hardy alikuwa ameshaingia. Mureithi alibaki chini, kichwa juu.

"Uliahidi."

"Niliahidi sitapika," alijibu kutoka juu. "Sikuahidi mutu atakaa na mbuzi." Kisha aliongeza, sauti ikiwa ya chini zaidi, "Usikasirike, papa. Umekula leo?"

Mureithi alisema amekula. Hakuwa amekula. Lokaale, aliyekuwa ameegemea pikipiki, aliiwasha.

Uamuzi ulitolewa Lodwar na kubandikwa Kalobeyei kwa lugha tatu. Rufaa ya kaya ya Marie-Claire ilikataliwa, kwa kuwa kamati iliikuta nyumba ikigusa ardhi, ikiwa na sukari, maziwa na moyo wa ukarimu, dalili ambazo haziafikiani na uhitaji. Aidha, kwa msisitizo wa Bi. Chelangat, ambaye ilisemekana alilitetea jambo hilo kwa ukali usio wa kawaida yake, kamati ilikiri kwamba kati ya ziara moja na nyingine baadhi ya nyumba huwa hewani, na kwamba hali hiyo huwatatiza maofisa, kwani namba za nyumba zimeandikwa juu ya milango na hazisomeki na mtu aliye chini. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba kila namba iandikwe upya chini ya sakafu, kwa rangi nyeupe ya mafuta na tarakimu kubwa. Mafundi watafanya kazi hiyo wakiwa wamelala chali, na kwa usalama wao wamekatazwa kukubali chai mpaka watoke.