Wakwe Kumi na Mmoja Kabla ya Kisima

Kutoka mlangoni kwa Mageni hadi kisimani, pale Didia, palikuwa na hatua mia mbili na wakwe kumi na mmoja. Zamani kila kaya ilikaa peke yake huko mashambani, na Mageni alimpigia mkwe magoti mara moja kwa wiki, mbili kukiwa na msiba. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa kwa mstari, na ukoo mzima wa mumewe Mabula ukaangukia mstari mmoja. Aliyepima viwanja alikuja na kamba na vigingi, akapima sawasawa. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke hapiti wima mbele ya wakwe. Basi Mageni akawa anapiga magoti mara kumi na moja akienda, na kumi na moja akirudi na ndoo imejaa kichwani.

Baada ya miaka miwili magoti yalivimba, na asubuhi hayakunjiki mpaka jua lipande. Akaenda zahanati. Mganga aliitwa Felician, mtu wa Ushirombo, mpole, mwenye mwandiko mzuri.

"Mfupa na mfupa havigusani hivihivi," alimwambia. "Katikati pana gegedu, kama hili la sikio lako. Shika. Ndilo linalolika. Ukikanda kwa maji ya moto kiasi, uvimbe utatulia. Tembea, usikae kutwa, maana kiungo kisichotembea hukaza. Pika umekaa kwenye kigoda. Jembe litie mpini mrefu. Na usipige magoti tena."

"Hata kwa mkwe?"

"Goti halimjui mkwe," alisema Felician, akampa aspirini.

Kesho yake Mageni alisimama mbele ya mama mkwe, Mama Mabula, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kwa kuwa yeye mwenyewe haikunji tangu miaka mingi. Hakujibu. Kufika jioni ukoo ulishaamua: Mageni ana siku tatu za kurudisha adabu, la sivyo atarudi kwao Kishapu, na watoto wanne watabaki. Mabula alisikia yote akiwa mlangoni.

"Nifanyeje, Mama Eufrasia?" alimwambia mkewe. "Ni mama yangu yule."

Siku ya tatu Mageni alitoka ameamua kupiga magoti, liwalo na liwe. Jua lilikuwa mgongoni kwake, na kivuli kimetangulia mbele, kirefu, kikafika uani kwa mkwe kabla yake. Alijaribu kuinama. Magoti yakagoma. Akabaki wima, machozi yakimlengalenga, akiwafikiria wanawe. Hapo kivuli chake kikakunja miguu, kikapiga magoti, kikainamisha kichwa na ndoo yake.

Mama Mabula alikitazama kivuli, akamtazama Mageni, akakitazama kivuli tena.

"Mwangaluka," alijibu.

Wakwe wengine kumi walijibu vilevile, isipokuwa shangazi mmoja aliyetaka jambo liamuliwe rasmi. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Januari, aliitisha kikao saa nne, kivuli kionekane vizuri. Mageni aliambiwa asalimie. Alisimama, kivuli kikapiga magoti. Wazee walinong'onezana kidogo, mmoja akalalamika kwamba kivuli kimeelekea upande wa mbuzi. Mzee Januari akatoa uamuzi: kivuli ni cha mwenyewe, kwa hiyo adabu ni yake. Lakini siku isiyo na jua apige mwenyewe. Wote waliona ni haki, wakaenda kunywa uji.

Kuanzia hapo magoti yalianza kupungua uvimbe. Mageni aliyakanda jioni, akatembea kila siku, akapika juu ya kigoda, na Mabula akamchongea mpini mrefu bila kuombwa. Kufikia Agosti aliweza kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Angefurahi, lakini kichwa kilimzunguka. Aliyesalimia ni nani? Kama adabu ni ya kivuli, yeye ana nini? Na kama ni yake, mbona aliposimama siku ile moyo wake haukuwa na heshima hata chembe? Kutoelewa kulimkera kuliko maumivu.

Septemba aliona kivuli kinachechemea. Yeye alitembea sawa, chenyewe kilivuta mguu wa kushoto. Akarudi zahanati, akaeleza. Felician alimtoa nje juani, akakichunguza kivuli, akaandika kwenye kadi: *Mageni, nafuu. Kivuli, magoti yote mawili.*

"Kipumzike," alisema.

"Kikipumzika, nani atasalimia?"

Felician alifunga kalamu yake, akasema hilo si la zahanati.

Novemba ilipoingia, Mageni alijua mvua inakuja kabla ya mbingu, kwa maana goti la kulia lilianza kupwita kwa ubaridi. Asubuhi ile wingu lilikuwa zito na ardhi imelowa. Alitoka na ndoo, akageuka mbele na nyuma. Kivuli hakikuwepo. Mbele ya Mama Mabula alishika ukuta, akateremka taratibu mpaka magoti yakagusa tope. Kitu kikalia ndani ya goti, na bibi akakisikia.

"Langu lililia hivyohivyo," alisema Mama Mabula. "Kwa mama mkwe wangu. Mwaka wa nzige."

"Kwa hiyo, mayu?"

Uso wa bibi ulionyesha kwamba naye haelewi.

"Kwa hiyo mwangaluka," alijibu.

Mageni alijaribu kuinuka, asiweze. Mkwe alimnyooshea mkono, lakini hakuweza kusogea pale mkekani, na vidole havikufikiana. Wakakaa hivyo, wakitazamana. Kisha wingu likapasuka kidogo upande wa mashariki, jua likatoka, na kivuli kikaja, kikalala topeni mbele ya Mageni. Kilikuwa kimepiga magoti tangu Juni. Kilimkuta amekwisha kupiga yeye, kikasimama, kikajinyoosha mgongo, kikapiga hatua mbili tatu kulegeza viungo, kama alivyoagiza mganga.

"Kiache," alisema Mama Mabula. "Kimechoka."

Mageni alikiacha. Alishika ukuta kwa mikono miwili, akainuka, akatafuta ndoo yake. Walikuwa wamebaki kumi.